Laptopu ya Kazi Imekuwa Nzito: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuomba Mpya

"Imekuwa nzito." Hilo ndilo neno ninalolisikia zaidi kutoka kwa wenzangu wanaponiletea laptopu zao, na karibu kila mara linafuatwa na ombi la mashine mpya. Ninawaelewa. Mtu anayengoja dakika nne kila asubuhi ili faili lifunguke anachoka, na ana haki ya kuchoka. Lakini uzito ni dalili tu. Laptopu mbili zinaweza kulemewa kwa namna ileile, kumbe moja inataka diski nyingine na ya pili imefika mwisho wake kweli.

Mwenzetu mmoja wa uhasibu aliwahi kupewa laptopu mpya kabisa, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) mara mbili ya ile ya kwanza. Wiki mbili hazikupita akarudi: faili lake la hesabu za mwezi lilikuwa linachukua muda uleule kufunguka. Nikakaa naye tukalitazama pamoja. Faili lilikuwa kwenye seva, naye alilifungua akiwa nyumbani kupitia VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa kazini ukiwa mbali), na ndani yake mlikuwa na fomula zinazovuta takwimu kutoka mafaili mengine kumi na moja yaliyoko kwenye seva hiyohiyo. Tulipoyaweka yote katika folda moja iliyosawazishwa ndani ya laptopu yake, shida ikaisha. Mashine ya zamani haikuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo siandiki ombi la laptopu mpya kabla sijaiona ya zamani ikiwa imelemewa mbele ya macho yangu.

Nitazungumzia zaidi Windows kwa kuwa ndiyo iliyomo katika laptopu nyingi za kazi. Wenye Mac nitawagusia pale mambo yanapotofautiana.

Kabla ya yote: anzisha upya, kisha pima

Kuzima na kuwasha si sawa na kuanzisha upya. Tangu Windows 8 kuna kipengele kiitwacho Fast Startup: ukichagua Shut down, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski, na ukiwasha kesho hurudishwa vilevile kilivyokuwa. Kwa hiyo mtu anayezima laptopu yake kila jioni anaweza kuwa anatumia kiini kilekile kwa mwezi mzima, pamoja na hitilafu zake zote zilizolimbikizana. Chagua Restart. Ukitaka ushahidi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, ingia kwenye Performance, kisha CPU (yaani kichakataji), usome mstari wa Up time. Wengi hushangaa kukuta idadi ya siku wakati walitarajia saa chache.

Baada ya hapo endelea na kazi zako za kawaida, ungoje uzito uje wenyewe. Ukija, usifunge kitu. Fungua Task Manager hapohapo utazame safu nne: CPU, Memory, Disk na Network. Iliyofika karibu na asilimia 100 na kubaki huko ndiyo mshukiwa wa kwanza. Andika saa, programu uliyokuwa unatumia, na safu iliyojaa. Fanya hivyo kwa siku tatu za kazi. Kwenye Mac, fungua Activity Monitor. Grafu ya Memory Pressure ikiwa ya kijani huna tatizo la kumbukumbu, ikiwa nyekundu unalo.

Kama safu zote ziko chini na bado unangoja, kinachokuchelewesha kwa kawaida kiko nje ya laptopu: mtandao, seva, au mfumo wa kazini unaoufungua kwenye kivinjari. Hapo mashine mpya haitakusaidia hata kidogo, na ni heri ulijue hilo mapema.

Inachelewa kuwaka, na kila programu inafunguka kwa kusuasua

Safu ya Disk ikikaa kwenye asilimia 100 huku CPU ikiwa imetulia, bofya Performance uone diski yako ni ya aina gani. Ikiandikwa HDD, umeshapata jibu. Diski ya aina hiyo ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosogea kutafuta data, na kwa sehemu zilizotawanyika huweza kusoma kiasi cha mara mia moja tu kwa sekunde. SSD haina kitu kinachosogea; husoma mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Windows ya leo husoma mafaili madogo madogo bila kukoma, ndiyo maana HDD inaizamisha mashine ambayo vinginevyo ni nzima.

Kubadilisha HDD kwa SSD ndilo tengenezo ninalolipendekeza bila kusita kuliko mengine yote. Hata SSD ya SATA, aina ya zamani na ya polepole kidogo, inayofika takriban megabaiti 550 kwa sekunde, hukufanya udhani umepewa laptopu nyingine. Jambo moja tu la kuangalia kwanza: kama kichakataji chako kinakubaliwa na Windows 11. Hilo nitalifikia chini.

Kama tayari ni SSD na bado imejaa kazi, tazama mambo matatu. Je, imebaki nafasi? SSD iliyojaa hadi ukingoni huandika polepole. Iachie walau asilimia 15 iwe tupu. Je, kuna antivairasi mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikikagua faili lilelile? Ondoa moja. Na je, diski yenyewe inakufa? Programu kama CrystalDiskInfo husoma taarifa za afya ya diski. Ikikuonyesha Caution, au hesabu ya sehemu zilizohamishwa inaongezeka wiki hadi wiki, fanya bekapu siku hiyohiyo, kisha ndiyo ufikirie mengine.

Kabla hujagusa diski au mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows) kwenye laptopu ya kazi, hakikisha watu wa TEHAMA wanao ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuifunga diski kwa siri, wa mashine yako, ule wenye tarakimu 48. Bila huo, mabadiliko madogo tu ya BIOS yanaweza kukufungia nje ya data zako zote. Nimewahi kumwona mtu akipoteza kazi ya miezi kwa sababu ya hatua hii moja, na sitaki imkute mwingine.

Asubuhi iko sawa, kufika mchana imelemewa

Hapa mshukiwa ni RAM. Inapojaa, Windows huanza kuhamishia kwenye diski vitu visivyotumika kwa sasa, na kuvirudisha unapovihitaji. Ndiyo maana ukihama kutoka dirisha moja kwenda jingine skrini inasita kidogo kabla ya kukuitikia.

Panga orodha ya Task Manager kwa safu ya Memory. Mara nyingi wa juu kabisa ni kivinjari. Chrome na Edge zote zina mpangilio wa kulaza vichupo (tab) usivyovitumia, uwashe. Kisha punguza viendelezi, kwa sababu vingine hula kumbukumbu kimyakimya katika kila ukurasa unaoufungua. Wapo pia wenye mfumo wa kazini unaovuja: kichupo kimoja kinaanza na megabaiti 300 asubuhi, kufika saa tisa alasiri kimepita gigabaiti mbili. Kifunge na kukifungua upya saa sita mchana, utaona tofauti.

Kama baada ya hayo yote RAM bado inakaa juu ya asilimia 90 kwa sababu kazi yenyewe inaitaka, basi inakutosha kidogo kuliko unavyohitaji. Kwa kazi za ofisi zenye mikutano ya video, GB 8 sasa zinabana. GB 16 ni za raha. Anayehariri video au kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta) aanzie GB 32.

Swali linalofuata ndilo zito: je, inaongezeka? Kwenye Performance, Memory, soma Slots used na Form factor. Ukiona nafasi moja kati ya mbili imetumika na umbo ni SODIMM, ongeza kipande kingine cha aina ileile. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, wala kinyume chake. Ukiona Row of chips, RAM imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Laptopu za Apple zenye vichakataji vya M1, vilivyoanza kutoka mwezi Novemba 2020, na vilivyofuata, zina kumbukumbu ndani ya kifurushi kimoja na kichakataji, nazo haziongezwi.

RAM isiyotosha na isiyoongezeka ni sababu halali ya kwanza ya kuomba laptopu nyingine.

Inapata moto, feni inalia, kisha inapunguza mwendo

Kichakataji kikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujilinda kwa kupunguza kasi. Kwenye Performance, CPU, linganisha Speed na Base speed wakati mashine ina kazi nyingi. Speed ikishuka chini ya Base speed huku feni ikivuma, joto ndilo linalokushika.

Mara nyingi ni vumbi lililojibana kwenye mapezi ya shaba ambako feni inatolea hewa. Zima mashine kabisa, izuie feni isizunguke, upulize hewa kutoka nje kuelekea ndani na kinyume chake. Laptopu ya miaka minne au mitano huenda pia pesti ya kupitisha joto imekauka. Hiyo mwachie fundi. Na kama una kawaida ya kuitumia juu ya kitanda au mto, tundu za chini huzibwa na hakuna usafi utakaofidia hilo.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukipita kila siku: chaja. Baadhi ya laptopu za kazi huitambua chaja yake, na zikichomekewa isiyotambulika au yenye wati chache, hukibana kichakataji kisile umeme mwingi. Niliwahi kuletewa mashine iliyokuwa na ombi la mbadala lililokwisha kupitishwa. Ilikuwa ya baridi kabisa, feni haikusikika, lakini Speed ilikuwa imeganda chini ya GHz 1. Nikachomoa chaja; kasi ikaruka juu papo hapo. Mwenyewe alikuwa ameazima chaja ya wati 45 baada ya ile yake ya wati 65 kuharibika. Ombi likafutwa, akanunuliwa chaja. Kwa hiyo ukiona mashine ni baridi lakini ni nzito, jaribu kuitumia kwa betri pekee kwa dakika tano.

Betri haikai

Betri kwisha si sababu ya kubadilisha laptopu. Ni kitu kinachochakaa kama tairi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotengenezwa. Linganisha Design capacity na Full charge capacity. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya asilimia 60 ya ile ya kwanza, badilisha betri. Kwenye Mac tazama Cycle Count. Apple huzihesabu betri za laptopu zake nyingi kuwa za mizunguko 1,000, ambapo zinatarajiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake.

Jambo moja halina subira. Ukiona padi ya kugusa imeinuka, au mfuniko haufungi vizuri kama zamani, betri imevimba. Acha kuichaji, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitupe kwenye taka za kawaida. Ipeleke kwa fundi leo.

Mikutano ya video inakatika

Tazama CPU wakati wa mkutano. Ikiwa iko chini na sauti za wenzako zinakatika, ni mtandao: sogea karibu na ruta, hamia mawimbi ya GHz 5 kutoka 2.4, au tumia kebo. Ikiwa CPU imejaa, zima ukungu wa nyuma ya picha yako kwanza. Kukukata wewe kutoka kwenye mandhari mara kadhaa kila sekunde ni kazi kubwa. Kichakataji chenye viini viwili tu vya kufanyia hesabu (core) ndipo kinapoumbuka hapa, hasa ukianza kuonyesha skrini yako huku lahajedwali kubwa likiwa wazi. Kama mikutano ndiyo kazi yako kuu na CPU inajaa hata baada ya kuzima ukungu, umri wa mashine sasa unasema kweli.

Inazima ghafla au inaleta skrini ya bluu

Andika msimbo wa kosa unaotokea. Kisha tafuta Reliability kwenye menyu ya Start ufungue Reliability Monitor. Ni kalenda ya kila ajali ya mashine, na watu wachache mno wanaijua. Ajali zikianza siku moja baada ya sasisho au draiva mpya, rudisha draiva ya zamani. Zikiwa hazina mpangilio, endesha mdsched ipime RAM. Kipande kibovu hubadilishwa. Ikiwa inazima unapoisogeza au kuinua skrini tu, kuna waya au kiungo kilicholegea. Vyote vikishindikana unabaki na ubao mama, na huo kwa mashine iliyotoka nje ya dhamana mimi siupendekezi kutengenezwa kwa ajili ya kazi. Utakuangusha siku ambayo huwezi kuangushwa.

Lakini uikague dhamana kwanza, kwa namba ya mashine iliyo chini yake. Laptopu za biashara mara nyingi huuzwa na dhamana ya miaka mitatu, na nimeona zikitupwa kabatini huku ikiwa bado hai.

Inakwenda vizuri, ila haipati tena masasisho

Hii ndiyo dalili isiyouma, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa masasisho ya nyongeza ya usalama, lakini huo ni wa kukupa muda wa kujipanga, si makao. Mashine isiyozibwa mianya yake inabeba majina, mikataba na hesabu za watu waliokuamini, hata kama inafungua Excel kwa sekunde mbili.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama kinachotunza funguo za siri), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa jumla huanzia kizazi cha nane cha Intel Core na familia ya Ryzen 2000. Endesha programu ya PC Health Check. Ikikataa, soma sababu kwa makini. Mara nyingi TPM ipo lakini imezimwa kwenye BIOS, ikiitwa PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Iwashe, ukiwa na ufunguo wa BitLocker mkononi, na mashine inakubalika. Usiiombee mbadala kwa swichi moja.

Kikikataliwa kichakataji chenyewe, hakuna dawa. Njia za kuzunguka masharti zipo, lakini Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine kama hizo, na kwa laptopu ya kazi hilo pekee linatosha kukataa. Kwa upande wa Mac, Apple ilitangaza mwezi Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo toleo la mwisho kwa mashine zenye vichakataji vya Intel. Mwenye nayo aanze kupanga kuhama sasa, bila papara.

Haina dalili yoyote, ila toleo jipya limetoka

Tangu Juni 2024 kumekuwa na laptopu zinazoitwa Copilot+, zenye RAM ya GB 16 au zaidi na, mbali na CPU na kichakataji cha picha, kichakataji cha tatu cha akili bandia, NPU, kinachofanya operesheni trilioni 40 au zaidi kwa sekunde. Hizo ni nguvu za kweli, lakini hunufaisha programu zilizoandikwa kuitumia NPU tu. Ikiwa akili bandia unayoitumia iko ndani ya kivinjari, hesabu zake hufanyika kwenye seva za mbali na laptopu yako ni dirisha tu. Na zile zenye vichakataji vya ARM, aina tofauti na vya Intel na AMD, uliza kwanza kuhusu VPN ya kazini, skana na printa za zamani. Draiva zisizoandikwa kwa ARM hazitafanya kazi.

Zipo sababu nyingine ambazo hazionekani kwenye Task Manager na bado ni za haki: skrini inayoumiza macho, uzito wa mkoba kwa anayesafiri kila wiki, kibodi inayoumiza vifundo. Ziandike kwenye ombi kama zilivyo. Hakuna haja ya kusingizia kwamba mashine ni nzito wakati kinachouma ni bega.

Ukiamua kuomba

Kufikia hapa utakuwa umebaki na moja kati ya haya: RAM iliyochomelewa na isiyotosha, kichakataji kinachojazwa na kazi halisi kila siku, ubao unaokufa, au mfumo usioweza kusasishwa. Au una kasoro ndogo nyingi kwa pamoja, betri na bawaba na kibodi, kwenye mashine ya miaka saba. Kila moja inatengenezeka, lakini jumla yake haina maana tena.

Ombi lako liwe na kumbukumbu zile za siku tatu. "Memory asilimia 94 kila siku baada ya saa sita, GB 8 zimechomelewa kwenye ubao" ni maneno yanayomsaidia anayeidhinisha kuliko kurasa mbili za malalamiko. Kisha omba kulingana na kilichokukwamisha. Kama ni RAM, weka nguvu kwenye RAM tangu siku ya kwanza kwa sababu huenda isiongezeke baadaye. Usilipie kichakataji cha juu kabisa ambacho safu yake haikuwahi kupita asilimia 40.

Mpya ikifika, rudia kazi ileile, faili lilelile, saa ileile, na Task Manager ikiwa wazi. Ya zamani iweke wiki mbili bila kuifuta. Ndani ya muda huo ndipo hugundulika leseni iliyofungwa kwenye mashine, cheti cha kuingilia mfumo wa benki, mafaili yaliyoachwa kwenye Desktop ambayo hayakuwa kwenye usawazishaji, na alamisho za kivinjari. Wiki mbili zikipita salama, itoe kwenye akaunti zako zote, kisha uirejeshe kwenye hali ya kiwandani kwa chaguo la kusafisha diski nzima, wala si lile la kuondoa mafaili tu.